Dondoo muhimu: Dar hadi Lindi kwa ndege

Angani ni kilomita 335 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya 450.

- Usihesabu dakika za angani peke yake. Ongeza foleni ya Dar na kusubiri mizigo.
- Ukitua Mtwara, tenga saa mbili za gari: Lindi iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, kaskazini-magharibi.
- Uwanja wa Lindi uko Kikwetu, nje ya mji. Panga usafiri mapema.
- Tiketi ikisema 07:00, ni saa moja asubuhi. Wengi wameachwa hapo!
- Ukipitia Kilwa Masoko kwa ndege ndogo, beba begi laini. Sanduku gumu linaweza kukataliwa.
- Masika, ukiamua kwenda kwa gari, uliza hali ya barabara ya Dar–Lindi: Mei 2024 mafuriko yaliikata.