SOMO LA KIKUNDI: Mtihani wa Kompyuta kwa Waifai ya Chuo



Karo ya vijana wetu hapa Marereni tunaichanga kwa jasho: huyu kwa kibarua cha chumvi, yule kwa nazi. Kijana akifika chuoni huenda akaambiwa kwamba mtihani ni wa kompyuta, kupitia waifai ya chuo. Tangu Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, masomo na mitihani ya namna hii imezidi nchini. Basi tuielewe, maana mtihani ukikatika, ni jasho letu limo humo.

Waifai ni nini?

Ni mtandao unaopita hewani kama redio. Darini au ukutani kuna kifaa kidogo kinachorusha mawimbi. Kifaa chenyewe kimefungwa waya unaokwenda kwenye mitambo ya chuo. Toka hapo, vyuo vikuu vyetu vingi vimeunganishwa na KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999.

Shida iko wapi?

Fikirini bomba la maji la kijiji. Wakija watu watano na mitungi, wanateka upesi. Wakija mia, ni foleni. Kifaa cha waifai nacho huhudumia kwa zamu, na wote waliounganishwa nacho hugawana nafasi ile ile. Maswali ni maandishi tu, si mzigo mkubwa. Mzigo huja saa ya kuanza, wote wanapoingiza majina na maneno ya siri kwa pamoja, huku simu za mifukoni nazo zikila mtandao. Tena ukuta mnene hupunguza mawimbi.

Chuo kinaweza kufanya nini?

1. Kuweka maswali kwenye seva iliyo hapo hapo chuoni. Intaneti ya nje ikipotea, mtihani unaendelea.
2. Kutenga waifai ya mtihani peke yake, na simu zibaki nje.
3. Kuingiza watahiniwa kwa makundi.
4. Kutumia programu inayohifadhi majibu kila mara, kama Moodle. Kompyuta ikizimika, majibu yaliyokwisha kufika kwenye seva hayapotei.
5. Kufunga waya kwa kompyuta za mezani, na kuwa na stima ya akiba.

Tumwambie kijana nini?

Ajaribu neno lake la siri kabla ya siku yenyewe. Laptopu iwe na chaji. Mtandao ukikatika, asifunge ukurasa wala asitoke. Ainue mkono, na msimamizi aandike saa na dakika. Malalamiko yasiyoandikwa hayana miguu.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani kwetu ana mtoto chuoni? Je, ameuliza majibu yanahifadhiwa wapi, na mtandao ukikatika dakika zilizopotea zinarudishwa vipi?
2. Kijana ambaye hajawahi kugusa kompyuta atashindana vipi na aliyeizoea?
3. Kikundi chetu kinaweza kumtafutia wapi mahali pa kujizoeza kuchapa, hata saa mbili kwa wiki, kabla hajaondoka nyumbani?

Katibu aandike majibu, na tukikutana tena tuanzie hapo.