Orodha Imekaguliwa, Vilivyomo Je?

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta, lakini nilijifunza PHP kidogo ili nitengeneze programu ya kujumlisha michango ya wanachama. Siku moja jumla ilipungua shilingi 4,995. Mchango mmoja nilikuwa nimeuingiza kama maandishi, "5,000" pamoja na koma yake. PHP ilipofika kwenye koma ikaacha kusoma, ikahesabu 5. Programu haikulalamika. Aliyelalamika ni mweka hazina.

Nikajiuliza kwa nini lugha haikunizuia. Tangu PHP 7.0 ya mwaka 2015, unaweza kuiambia fanksheni ipokee namba tu, na ukiwasha ukaguzi mkali, maandishi yanakataliwa. Lakini ukisema inapokea orodha, lugha inakagua kwamba ni orodha, basi. Ndani mna nini, haiulizi. Kwa sisi tuliozoeshwa kwamba kila mpokezi katika isnadi huchunguzwa, na mmoja dhaifu anatosha kuidhoofisha, huo ni uzembe mtupu!

Nilipopiga hesabu, nikapoa. Chukua orodha yenye vitu 100,000 inayopita katika fanksheni 10. Ukikagua kila kitu katika kila mlango, umekagua mara 1,000,000, na vitu ni vilevile. Njia ya pili ni orodha ikumbuke aina yake na kukagua kinachoingia tu. Safu za Java hufanya hivyo: ukichomeka kitu cha aina isiyofaa, kosa linatokea papo hapo. Gharama haikuisha, imehamia kwenye kila uandikaji. Java ilipoongeza aina za vilivyomo kwenye orodha zake mwaka 2004, ilichagua njia ya tatu: kukagua wakati programu inatafsiriwa, kisha kuifuta aina hiyo, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Lakini programu ikishaanza kwenda, orodha yenyewe haijui imebeba nini.

Mimi naona PHP isikague kila mlango. Zipo zana kama PHPStan zinazosoma programu kabla haijaendeshwa na kuonyesha palipokosewa. Hata hivyo, koma yangu isingeonekana huko, kwa sababu iliingia kupitia fomu, programu ikiwa tayari kazini. Kwa hiyo nimeweka ukaguzi mahali pamoja, pale mchango unapoandikwa: kisicho tarakimu tupu kinarudishwa.

Mweka hazina ameshasharudishiwa mara mbili.