Pambo la Sikukuu Mapokezi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila Novemba, katika hoteli za katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Kivukoni hadi Kariakoo, kuna meneja anayemkabidhi kijana fedha na kumpa agizo la maneno mawili: "Kalete mapambo." Matokeo tunayajua. Mti umeinama, taa zimewaka nusu, waya umepita chini ya zulia, na mgeni aliyetoka safari anapita kiubavuubavu na sanduku lake.

Kosa hilo halianzii dukani. Linaanza pale meneja anapodhani kwamba pambo kubwa ni urembo tu. Kitu cha mita nne kinachosimama katikati ya watu na kula umeme mchana na usiku ni jengo la muda. Kina msingi, kina uzito, kina njia zake za umeme na kina siku ya kubomolewa. Kwa hiyo kijengwe kama jengo. Kanuni zifuatazo ni za meneja, mpambaji na fundi, na hakuna iliyowekwa kwa mapenzi ya kukataza.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Pima ukumbi. Pima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye siling, upana wa mlango mkuu, na umbali kati ya mapokezi na lifti. Kisha simama ukumbini saa nne asubuhi, wageni wanaporudisha funguo, uangalie watu wanapita wapi. Katika hoteli za Kariakoo saa hiyo wafanyabiashara waliokuja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro kufungasha bidhaa wanateremka na marobota yao. Sakafu hiyo ni yao kwanza. Pambo litachukua kinachobaki. Acha njia isiyopungua mita moja na nusu pande zote za pambo.

Usizibe kitu cha usalama. Mlango wa dharura, mtungi wa kuzimia moto, kengele ya moto na swichi kuu ya umeme havifunikwi hata kwa riboni.

Chagua hadithi moja. Desemba ya Dar es Salaam ina hadithi yake: watu wanarudi kwao. Wachagga wanaelekea Kilimanjaro, stendi ya Magufuli kule Mbezi inafurika, na tangu 2024 treni ya umeme inawapeleka watu Morogoro na Dodoma. Ukichagua safari hiyo, weka treni, mizigo, mlima na nyumba yenye taa inayosubiri wageni. Dubu mweupe hahusiki. Kila kisichosaidia hadithi kitoke, hata kama kilinunuliwa ghali.

Usimwage theluji ya pamba. Pamba inashika moto haraka, na kwa vumbi la mjini itakuwa ya kijivu kabla ya Krismasi yenyewe kufika. Ukitaka theluji, ipo ya kwetu: chora Kibo, mita 5,895, kwenye plaiwudi na upake kilele rangi nyeupe.

Usikate matawi ya miti ya barabarani. Ule mti wa maua mekundu unaochanua mjini kila Desemba, ambao watu wengi huuita mti wa Krismasi, unapendeza ukiwa barabarani. Maua yake yakikatwa hayamalizi siku mbili ndani ya kiyoyozi. Yaige kwa kitambaa au karatasi.

Tengeneza fremu moja kwa sikukuu zote. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 Idd el Fitri ilikuja mwisho wa Machi na Pasaka ikafuata tarehe 20 Aprili. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaingia karibu siku hiyohiyo. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, mti wa Krismasi ukiwa bado umesimama. Ongeza Diwali, ambayo wageni wa Kisutu na Upanga hawaisahau. Hoteli inayonunua upya kila mara inatupa fedha. Chomelea fremu moja imara, kisha uivishe nguo ya kila sikukuu kwa wakati wake.

KARIAKOO

Nenda mapema, katika mwaka na katika siku. Sehemu kubwa ya taa, riboni na miti ya plastiki huja kwa kontena kutoka China. Anayeingia sokoni Septemba au Oktoba anachagua na kupatana bei ya jumla. Anayeingia Desemba anachaguliwa. Siku ya kununua, fika asubuhi kabla Mtaa wa Kongo na wa Msimbazi haijafungana kwa watu.

Beba orodha yenye vipimo. "Riboni nyekundu nyingi" si orodha. Andika upana, urefu, idadi na rangi, na ubebe kipande cha rangi yenyewe, kwa sababu nyekundu ya duka la kwanza si nyekundu ya duka la tatu.

Usinunue taa ambazo hujaziona zikiwaka. Mwambie mwenye duka achomeke kila boksi mbele yako. Soma maandishi ya kwenye plagi: umeme wetu ni volti 230, hivyo tafuta 220 hadi 240. Taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, volti 110 au 120, zitaungua ukizichomeka. Chagua taa za LED, hazipati joto kama zile za glopu za zamani na zinakula umeme kidogo.

Dai risiti ya EFD. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Isitoshe, taa zikifa kesho yake, mtu asiye na risiti hana cha kuonyesha dukani.

Beba makapu yako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Makapu ya ukili yatabeba mapambo leo, na kesho yatakaa chini ya mti yakiwa sehemu ya hadithi.

Kazi ya chuma ipeleke Gerezani, ya mbao Keko. Mpe fundi mchoro wenye vipimo. Agiza vipande vya kufungwa kwa bolti, vinavyopita mlangoni. Toa malipo ya awali na ubakize kiasi cha kumfanya arudi kumalizia.

Usichomelee ndani ya hoteli. Cheche moja kwenye zulia inatosha. Fremu isiyopita mlangoni irudi kwa fundi ikakatwe huko.

Usipakie taa, mapambo ya kioo na vyuma kwenye guta moja. Kodi kirikuu, patana bei kabla mzigo haujapanda, na mtu wako asafiri nao.

UMEME NA MOTO

Hapa hakuna msamaha. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Zege lilibaki limesimama. Bidhaa za watu ndizo zilizokwisha. Jengo la zege halikukingi na moto ukiwa umejaza ndani nguo, plastiki, mbao na makaratasi, na pambo lako limetengenezwa kwa vitu hivyohivyo.

Hesabu wati kabla ya kuchomeka. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 ina kikomo cha wati 2,990. Usiufikie. Jumlisha wati za taa zote, mota ya treni na spika, kisha ugawe mzigo kwenye soketi mbalimbali ili kila moja ibaki chini ya wati 2,000.

Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Nyingi za bei ndogo zina waya mwembamba usioweza mzigo ulioandikwa kwenye boksi. Ukihitaji soketi zaidi, fundi aziweke.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kijana anayejua kuunga waya kwa meno abaki kupanga maua. Fundi aweke breka ya peke yake kwa ajili ya pambo, ili hitilafu ya taa za mti isizime kompyuta za mapokezi.

Usipitishe waya chini ya zulia. Masanduku ya magurudumu yatausaga mpaka uchubuke, na joto lake halitaonekana mpaka zulia litoe moshi. Pitisha waya ukutani au ndani ya mfereji wa plastiki uliobanwa sakafuni.

Jaribu pambo kwa jenereta. Zima umeme wa TANESCO makusudi, mchana, kabla wageni hawajalizoea pambo. Angalia taa zinafanyaje jenereta linapopokea, na zinafanyaje umeme unaporudi. Weka kinga ya umeme ya aina ile wanayofungia friji.

Usitumie mshumaa wa moto, ubani wala udi ndani ya pambo. Udi ni heshima ya wageni wa Idd na una mahali pake: chetezo juu ya meza, mbali na vitambaa, na mtu wa kukisimamia.

Taja kwa jina anayezima taa usiku. "Mtu wa zamu" si jina. Kila mfanyakazi wa mapokezi ajue ilipo breka na ajue namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: 114.

KUSIMAMISHA

Usining'inize kitu kizito kwenye jipsam. Bodi ya siling inabeba rangi na uzito wake yenyewe. Tundika kwenye zege au chuma cha jengo, baada ya fundi wa jengo kuonyesha sehemu na kukubali kwa maandishi.

Pima kitako. Watoto wataushika mti na kuuvuta. Fanya hesabu ukijua hivyo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu ina uzito wa takriban kilo 30. Ndoo nne zilizofungwa kwenye pembe za fremu, zikafunikwa kwa mkeka, zitautuliza mti kuliko kamba kumi.

Usitawanye zawadi bandia. Kiboksi chenye riboni kilichoachwa ukumbini ni kitu ambacho mlinzi hawezi kukitofautisha na mzigo ulioachwa kwa nia mbaya. Ubalozi wa Marekani jijini humu ulipigwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, na tangu hapo mlinzi anayeuliza mzigo ni wa nani anafanya kazi yake. Vibandike viboksi kwenye fremu, vihesabiwe, na walinzi wapewe idadi.

HESHIMA

Soma jina la kanga kabla ya kuitundika. Kanga ni pambo zuri na bei yake inabebeka. Lakini nyingine zimeandikwa mafumbo ya wake wenza na majirani waliogombana, na mgeni wa Pwani atayasoma kabla hajajaza fomu.

Usifanye bendera ya taifa kitambaa cha pambo. Matumizi yake yana sheria. Kwa Siku ya Uhuru, 9 Desemba, bendera isimame kwenye mlingoti wake, mbali na riboni.

Usipachike tangazo la bia juu ya pango la Mtoto Yesu, wala aya ya Kurani mahali pa kukanyagwa au kutupwa. Mwezi na nyota, taa na mitende vinatosha kumkaribisha mgeni wa Idd.

Andika salamu kwa Kiswahili sahihi. "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" isomwe na watu wawili kabla ya kukatwa. Herufi iliyokosewa kwa ukubwa wa nusu mita haifichiki.

Lipia muziki. Nyimbo zinazopigwa ukumbini kwa wageni zinahitaji leseni ya hakimiliki. Na zisirudiwe mpaka mhudumu wa mapokezi azichukie.

KUTEREMSHA

Andika siku ya kuteremsha kwenye mkataba uleule wa kusimamisha. Mti wa Krismasi ushuke baada ya 6 Januari, na ukumbi uwe safi kabla ya Siku ya Mapinduzi, tarehe 12. Mti uliobaki mpaka Februari unamwambia mgeni kwamba hoteli haina msimamizi.

Usisokote taa na kuzitupia kwenye gunia. Zizungushe kwenye kadibodi, moja moja, uandike urefu na mwaka. Zihifadhi mahali pakavu, juu ya sakafu. Unyevu wa Pwani na panya havisubiri Desemba.

Andika taarifa ya ukurasa mmoja. Nini kiliungua, nini kilivunjika, njia gani ilisongamana, na kila kitu kiligharimu kiasi gani. Ukurasa huo ndio bajeti ya mwaka unaofuata. Fedha zisitoke kabla haujasomwa.

Hoteli isiyo na muda, fundi wala fedha ya kufuata haya isione aibu. Iweke chungu kikubwa cha maua mapokezi, iyamwagilie na kuyafuta vumbi kila asubuhi. Wageni wataingia na kutoka bila kujikwaa.