MWIKO MMOJA, SUFURIA NNE: Skrini, Kibodi na Kipanya vya Kutumia kwa Pamoja

Hebu leo Chama cha Kiswahili kiingie chumba cha kompyuta, tuone kama lugha yetu itatutupa. Swali letu ni hili: je, kompyuta kadhaa zinaweza kutumia skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja? Naam, zinaweza. Lakini mtego uko hapo hapo, na shule isipoangalia itatoa pesa kununua kitu ambacho hakitawafaa wanafunzi wake.

Tuanzie jikoni kwetu. Mpishi ana sufuria nne motoni: maharagwe, mchele, kabeji na uji. Mwiko ni mmoja. Anakoroga maharagwe, kisha anahamia kwenye uji. Maharagwe hayaachi kuchemka ati kwa sababu mwiko umeondoka. Basi kompyuta ndizo sufuria; skrini, kibodi na kipanya kwa pamoja ndio mwiko. Kifaa kinachouhamisha mwiko huo huitwa swichi ya KVM. Herufi hizo tatu zimetoka katika majina ya Kiingereza ya kibodi, picha na kipanya.

Swichi yenyewe ni kijisanduku tu. Kina matundu ya kuchomekea skrini, kibodi na kipanya, na matundu mengine ya kuunganishia kompyuta mbili, nne, nane au hata 16. Ukibonyeza kitufe cha 2, unaiona na kuitumia kompyuta ya pili. Zile nyingine hazizimiki. Kama moja ilikuwa ikinakili faili, inaendelea na shughuli yake. Swichi nyingi pia hukubali amri kutoka kwenye kibodi, kwa mfano kubonyeza Scroll Lock mara mbili, halafu nambari ya kompyuta unayoitaka.

Je, ndani yake kuna nini? Swichi za zamani zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, zimeandikwa A, B, C na D. Kazi yao ilikuwa kukata waya huu na kuunganisha ule, basi. Shida ikazuka. Kompyuta za wakati huo, zikiwemo zenye matundu ya mviringo ya PS/2 yaliyoletwa na IBM mwaka wa 1987, hazikupenda kunyang'anywa vifaa. Kompyuta ikiwashwa bila kuiona kibodi, aghalabu iligoma na kuandika kosa. Kipanya nacho kikikatwa katikati ya kazi, mara nyingi hakikuamka tena mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Ndipo mafundi wakatengeneza swichi inayoiambia kila kompyuta, "Kibodi ipo, kipanya kipo, tulia," hata kama mwiko uko kwenye sufuria nyingine.

USB ilipokuja mwaka wa 1996, ikawezekana kuchomeka na kuchomoa vifaa mashine ikiwa hai. Hata hivyo, swichi za bei nafuu hukufanya ungoje kidogo kila unapohama, kwani kompyuta huanza tena kuvitambua vifaa. Skrini nayo ina yake. Huieleza kompyuta ukubwa wa picha inayoweza kuonyesha, na swichi isipohifadhi maelezo hayo, ukirudi unaweza kukuta madirisha yamehama.

Sasa tufike kwenye hesabu. Tuseme shule imepewa kompyuta nne zisizo na skrini, na kuna skrini moja tu. Mtu anasema, "Nunueni swichi, wanafunzi wanne watafanya kazi!" La hasha! Kipindi ni dakika 40. Wanafunzi wanne wakipokezana mwiko mmoja, kila mmoja anapata dakika 10. Je, wangekuwa na kompyuta moja tu, kila mmoja angepata ngapi? Dakika 10 zile zile! Mashine zimeongezeka mara nne, nafasi ya kujifunza haikuongezeka hata dakika moja, na umeme unaliwa na mashine nne. Wakipata skrini, kibodi na vipanya vitatu zaidi, kila mmoja anakaa dakika 40 nzima.

Kwa hivyo tusichanganye mambo. Swichi humsaidia mtu mmoja mwenye kompyuta nyingi. Haiwasaidii watu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa haja hiyo ya pili kuna njia nyingine: mfumo wa Linux unaweza kuigawa kompyuta moja yenye nguvu kwa watu kadhaa, kila mmoja na skrini yake, kibodi yake na kipanya chake. Hapo ni sufuria moja, miiko mingi.

Nani basi anaihitaji swichi? Ni fundi wa chumba cha seva, ambamo mashine nyingi hufanya kazi pasipo mtu mbele yake. Ni karani mwenye kompyuta mbili juu ya meza ndogo. Na kama kila kompyuta ina skrini yake, hata kisanduku hakihitajiki. Programu zinatosha kugawana kibodi na kipanya kupitia mtandao. Synergy ilitoka mwaka wa 2001, na Microsoft ikatoa Mouse Without Borders mwaka wa 2011. Kipanya kinavuka kutoka skrini moja hadi nyingine kama mtu anayevuka mpaka wa shamba.

Anayeitumia swichi ashike haya manne:

1. Zima mashine zote kabla ya kuunganisha nyaya, hasa zile za zamani.
2. Andika jina la kila kompyuta na ulibandike karibu na kitufe chake.
3. Weka picha ya rangi tofauti kwenye kila kompyuta, ujue uko wapi kwa kutupa jicho tu.
4. Kabla ya kufuta chochote, tazama uko kwenye mashine gani. Kibodi ni ile ile na skrini ni ile ile, kwa hivyo mkono hauwezi kujua kwamba unafuta alama za Kidato cha Nne badala ya barua za mwaka juzi.

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mwenye swichi anaweza kushika nne, mradi akumbuke kwamba anakoroga moja. Nasi wanafunzi, siku tutakapoulizwa na wazazi au walimu chumba cha kompyuta kinahitaji nini, tusitaje kifaa kwa kuwa jina lake linapendeza. Tuhesabu kwanza watu watakaoketi, ndipo tuhesabu mashine.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.