UTUNZAJI WA MASHINE YA KUKATIA MAJANI YA NG'OMBE

Mkulima afugaye ng'ombe zizini hupanda mabingobingo, huyavuna yafikapo urefu wa kama mita 1, kisha huyakata vipande vifupi kwa mashine. Kazi hiyo ni njema, kwa sababu ng'ombe akipewa majani marefu huchagua yaliyo laini na kuyakanyaga mashina. Lakini mashine isiyotunzwa haidumu, na tena ni hatari kwa mwenye kuitumia.

Wengi hudhani kwamba kisu kikali ndicho kiletacho hatari. Kisu butu ni kibaya zaidi. Hakikati, hutafuna tu. Majani hukwama mdomoni mwa mashine, na mtu achokapo kungoja huyasukuma kwa mkono. Nilipata kumwona kijana aliyepoteza vidole viwili namna hiyo. Nilipovitazama visu vya mashine ile, niliviona vina mapengo kama msumeno. Havikunolewa tangu mashine iliponunuliwa. Basi kunoa visu ni kuulinda mkono.

KABLA YA KUGUSA VISU
Zima injini, kisha vua mkanda. Kama mashine ni ya umeme, chomoa waya wake. Kama ni ya mkono, funga gurudumu kwa kamba imara, kwa maana likiachwa huweza kuzunguka lenyewe pamoja na visu.

KILA SIKU
1. Kaza nati zote zinazoshika visu. Kisu kikichomoka huruka kwa nguvu na huweza kuua mtu.
2. Tia oili au grisi mahali pote panapozunguka.
3. Kazi ikiisha, ondoa mabaki yote. Maji ya majani mabichi huleta kutu.
4. Pangusa visu kwa kitambaa chenye oili kidogo. Usimwagie mashine maji.

JINSI YA KUNOA
Usingoje kisu kiwe butu kabisa. Uonapo vipande vinatoka vimechanika, na vina nyuzi ndefu, ujue wakati umefika. Fungua visu vyote, uvinoe kwa tupa au jiwe upande ule wenye mteremko tu. Upande ulio bapa uuache bapa. Ukitumia jiwe la mashine, noa polepole. Kisu kikipata moto hata kikageuka rangi, kimepoteza ugumu wake. Visu vyote vinolewe sawasawa, kwa kuwa kimoja kikizidi kuliwa mashine itatikisika na kuharibika.

KUPIMA NAFASI
Kisu hukata kwa kupita karibu sana na bamba la chuma lililo mdomoni, mfano wa mkasi. Ukiisha kurudisha visu, weka ukingo wa karatasi ndefu juu ya bamba, vidole vikiwa mbali, na mwenzako azungushe gurudumu polepole. Karatasi ikikatwa safi, nafasi ni sawa. Ikikunjwa au ikichanika, sogeza kisu karibu kidogo, lakini kisiguse bamba. Kaza nati tena, zungusha mara kadhaa, ndipo uwashe.

WAKATI WA KUKATA
Kwanza chambua mawe, misumari na vipande vya waya. Hivyo huvunja visu, na ng'ombe akimeza waya au msumari, huweza kumtoboa tumbo na kufika hata moyoni. Ingiza mashina mbele. Vipande vya mwisho visukumwe na fungu linalofuata, wala si kwa mkono. Majani yakikwama, zima mashine kwanza. Watoto wasikaribie, na asiwepo mwenye nguo inayoning'inia.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa mfugaji, mwenye kisu kikali ndiye ambaye ng'ombe wake hushiba, naye mwenyewe hubaki na vidole vyake kumi. Kama huna hakika na kazi yo yote katika hizi, mwite Bwana Shamba wako akuonyeshe kwanza.