SOMO: MWANAMKE MKIMBIZI NA KAZI YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika somo hili tunatazama jinsi nchi jirani ya Uganda inavyoifuata methali hiyo, na mahali ambapo jembe linakwama.

Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hasa kutoka Sudan Kusini na Kongo. Wengi ni wanawake na watoto. Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958. Yale ya Bidi Bidi yalifunguliwa mwaka 2016, vita vilipozuka upya Sudan Kusini. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, lakini ni kidogo, na mgawo wa chakula umepunguzwa mara kwa mara. Ndipo mama huenda kutafuta kibarua.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya ujira, na pia haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inampa mama mzazi likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili.

Kwa nini basi kazi haidumu?

Kwanza, lugha. Mama wa Kongo anajua Kiswahili, wa Sudan Kusini anajua Kiarabu cha Juba. Msimamizi anatoa amri kwa Kiganda au Kiingereza. Pili, vyeti. Mwalimu au muuguzi aliyekimbia risasi hakubeba karatasi, naye huishia kufua nguo za watu. Tatu, watoto. Mtoto akiugua siku moja na hakuna wa kumwangalia, kibarua kimekwisha. Nne, hofu. Anadhani akidai haki yake atafukuzwa nchini, hivyo hunyamaza hata msimamizi anapomtaka kimapenzi.

Hofu hiyo inatuhusu sisi sote. Mwajiri akimpata mfanyakazi asiyethubutu kusema, humlipa nusu. Kesho humgeukia mwenyeji na kumwambia, "Ukikataa, yupo atakayekubali." Mwenyeji humchukia mkimbizi, kumbe aliyepunguza ujira ni mwajiri. Tukimfungia mkimbizi mlango, ataingizwa kwa dirishani bila mkataba, na ujira wetu utazidi kushuka. Dawa ni kumwandikisha katika chama.

Tawi lifanye nini?

1. Lihakikishe kila mwajiriwa, mwenyeji au mgeni, ana masharti ya kazi kwa maandishi, na asomewe kwa lugha anayoielewa.

2. Mfanyakazi wa zamani anayejua lugha ya mgeni ampokee na kumwongoza wiki za mwanzo.

3. Lidai fundi apimwe kwa vitendo. Mshonaji apewe cherehani aonyeshe kazi, kisha alipwe kwa ujuzi wake.

4. Mkataba wa hali bora utaje mahali pa kulelea watoto. Hilo litawafaa mama wote.

5. Kamati ya wanawake iwe na mjumbe mkimbizi, ili malalamiko ya kunyanyaswa yafike bila kupitia kwa msimamizi anayelalamikiwa.

Ndugu, methali inasema tumpe mgeni jembe. Haisemi tumpe jembe bovu na ujira nusu. Mama aliyeacha nyumba yake ikiungua hatafuti huruma yetu. Anataka kazi inayotumia akili na mikono yake, na ambayo kesho asubuhi ataikuta bado ipo.

Maswali ya majadiliano

(a) Je, mahali petu pa kazi wapo wakimbizi? Wangapi ni wanachama?

(b) Je, wanalipwa sawa na sisi? Tumewauliza?

(c) Mama akiuguliwa na mtoto leo, kesho ataikuta kazi yake?

Umoja ni nguvu!