Jumanne: Ahadi ya Kutokufa

Soma Mwanzo 3:1–5 na 1 Wakorintho 15:51–54. Mafungu haya yanatofautianaje kuhusu chanzo cha kutokufa?

Mwaka 2005, mvumbuzi wa Marekani Ray Kurzweil alichapisha kitabu kilichotabiri kwamba kufikia mwaka 2045 akili ya mashine itaipita mno akili ya wanadamu wote, na kwamba mwanadamu, akiungana na mashine hizo, ataweza kuishi pasipo kikomo.

Mashine zina msaada mwingi. Lakini tumaini hili lina mwangwi wa Edeni, ambako nyoka aliahidi mambo mawili: hawatakufa, na watakuwa kama Mungu. Paulo anafundisha kwamba kutokufa ni vazi ambalo waliookolewa watavikwa parapanda ya mwisho itakapolia. Hakuna atakayelinunua, maskini na tajiri watalipokea kwa neema.

Vipi kuhusu karani anayehofu kwamba mashine itachukua kazi yake? Thamani yake haitokani na wepesi wa akili, kwa maana aliumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa. 1:27). Kanisa linaloamini hivyo halitamwacha peke yake siku ajira itakapokoma.

Ni nani kanisani kwako anayehofia kupoteza kazi? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje juma hili?